Sauti ya Mlinzi Wetu

Ndugu wasomaji, na hasa ninyi walimu wenzangu mnaosimamia kwaya katika shule zenu, napenda kuwaeleza habari ya kosa moja nililolifanya kwa kidole kimoja, usiku, nikiwa peke yangu mbele ya kompyuta. Kosa lenyewe halikumwaga damu wala halikupoteza senti ya mtu; walakini lilimfanya mtu mkweli aonekane mwongo mbele ya mkewe na wajukuu wake. Tena nalilifanya kwa furaha, nikidhani kwamba nafanya kazi safi.

Mimi ni mwalimu wa sekondari katika milima ya Usambara. Kazi yangu ni kufundisha fizikia na hesabu, na kwa kuwa shuleni petu hapana mwalimu wa muziki, nalikabidhiwa na kwaya pia. Kwaya hiyo ina wanafunzi 24. Sauti ya kwanza na ya pili ni wasichana, sauti ya tatu ni wavulana, na hawa wote hawanipi taabu. Taabu yetu ya miaka yote ni sauti ya nne. Wavulana huchukua muda hata sauti zao kuvunjika na kutulia, na wakiisha kuzipata zile nzito, mara wanamaliza shule na kwenda zao. Basi kila mwaka twabaki na wavulana wawili tu wa sauti ya nne, nao huimba kama watu wanaotafuta njia gizani.

Mtu aliyekuwa akituokoa ni mlinzi wa usiku. Jina lake sitalitaja. Sisi sote twalimwita Mzee. Alikuwa amelinda lango la shule kwa miaka 22. Jioni moja, zamani kidogo, alipita nje ya bwalo tulipokuwa tukijizoeza, akasimama dirishani, akaanza kuitikia kwa sauti ya nne, nzito na ya polepole, kana kwamba mtu anasukuma jiwe kubwa. Tangu siku ile akawa mmoja wetu. Hakujua kusoma alama za muziki. Aliushika wimbo kwa sikio, na akiisha kuushika haukumtoka tena. Alikuwa na ila mbili tu. Ya kwanza, alichelewa kidogo kuingia. Ya pili, alipoimba alisahau kwamba wako na wengine.

Mwaka jana, mahafali ya kidato cha nne yalipokaribia, wanafunzi waliomba turekodi wimbo wao wa kuagana, ili kila mmoja aondoke nao katika simu. Mzee alifurahi kuliko wote, maana naye alikuwa akimaliza kazi yake mwezi wa Desemba. Akaniambia, "Mwalimu, mama wa nyumbani kwangu hajapata kunisikia nikiimba na watoto hawa. Miguu yake haimruhusu kupanda mlima. Kila niendapo likizo namsimulia, naye hucheka tu." Nikamjibu, "Safari hii atakusikia, Mzee." Neno hilo nalilisema kwa kinywa changu, na wasomaji walikumbuke.

Tukaazima maikrofoni nne, pamoja na kile kisanduku kinachoziunganisha na kompyuta. Twalirekodi ndani ya bwalo, usiku, baada ya chakula. Kwa kuwa kuta ni za saruji na sauti hugonga huku na huku, wanafunzi walileta mablanketi ya mabwenini, tukayatundika kwenye kamba ili yanywe zile sauti zinazorudi. Maikrofoni tatu nikaziweka mbele ya sauti ya kwanza, ya pili na ya tatu. Ya nne nikaiweka mbele ya wale wavulana wawili na Mzee, ambaye mwenzake alimshikia lango. Mara mvua ikaanza kupiga bati. Kelele ya mvua juu ya bati ni vigumu kuiondoa kwa kompyuta bila kuziumiza sauti za watu, kwa kuwa imeenea kote, katika sauti za juu na za chini pia. Basi tukakaa kimya tukingoja, hata saa nne kasorobo ikakatika. Tukaimba mara tatu, na ile ya tatu ikawa nzuri.

Sasa nieleze kidogo kazi inayofuata, kwa ajili ya wale ambao hawajaiona. Naliitumia programu iitwayo Reaper. Ndani yake kila maikrofoni ina njia yake, iitwayo treki, nayo huonekana kwenye kioo kama kamba ndefu yenye mawimbi. Kazi ya mchanganyaji ni kuzifanya zile treki nne ziwe wimbo mmoja. Vyombo vyake ni vya namna mbili.

Namna ya kwanza ni plagini, yaani programu ndogo zinazochomekwa ndani ya ile kubwa, kila moja ikiwa na kazi yake. Iko ya kupunguza au kuongeza sauti za chini na za juu. Iko kompresa, ambayo hubana sauti inapopita kiasi ulichoweka. Mathalan ukiipa kipimo cha tatu kwa moja, sauti ikizidi mpaka kwa desibeli 9, yenyewe huachia 3 tu. Iko na plagini ya mwangwi, ambayo huifanya kwaya ya bwaloni isikike kana kwamba imo katika jengo kubwa la mawe. Mambo haya zamani yalikuwa mizigo. Mwaka 1957 kampuni ya EMT ya Ujerumani ilileta mtambo wa kutengeneza mwangwi, nao ulikuwa bamba la chuma lililotundikwa ndani ya sanduku, uzito wake kadiri ya kilo 270. Mwaka 1996 kampuni ya Steinberg, nayo ya Ujerumani, ikaleta utaratibu uitwao VST, uliowezesha programu ndogo za watengenezaji mbalimbali kuchomekwa katika programu kubwa za muziki. Leo kazi iliyotaka watu wanne wa kubeba chombo chake hufanywa na kompyuta ya mwalimu mezani, chini ya taa moja.

Namna ya pili ni otomesheni. Chini ya kila treki mtu aweza kufunua mstari. Mstari ukipanda, sauti ya treki ile hupanda, ukishuka, hushuka, na wimbo upigwapo tena, kompyuta huufuata mstari huo bila kuguswa na mtu. Kabla ya kompyuta kazi hii ilikuwa ya mikono mitupu. Wimbo ukiwa na mabadiliko mengi, watu wawili watatu walisimama pamoja mbele ya meza ya vitelezi, kila mmoja amepewa chake cha kusogeza, na mmoja akikosea, wote walirudi mwanzo. Katika miaka ya 1970 kampuni ya Neve ya Uingereza ilitengeneza mtambo uitwao NECAM, ambao ulikumbuka mikono ilivyokwenda, kisha ukavisogeza vitelezi wenyewe kwa mota. Otomesheni, basi, ni mkono wa mtu uliotiwa kumbukumbu. Hukumbuka vema ulivyotenda, na hukumbuka vile vile ulivyokosa.

Naliianza kazi yangu kwa sauti ya kwanza. Nikakata sauti za chini ya hezi 100, ambazo wasichana hawaimbi, nikaondoa kwa njia hiyo mtikisiko wa miguu juu ya sakafu. Nikatia kompresa kidogo ili wale wenye sauti kali wasiwazime wenzao. Nikafanya vivyo hivyo kwa sauti ya pili na ya tatu. Kisha nikatia mwangwi, unaokawia kadiri ya sekunde 2 kabla ya kufifia. Nikasikiliza. Lo! Watoto wetu waliosimama kati ya mablanketi walisikika kama malaika. Nikajiona fundi.

Ndipo nikafungua treki ya nne, na Mzee akanijia masikioni kama ng'ombe aliyeingia sebuleni. Alichelewa, alivuma, na mahali pawili hivi hakuufikia sawasawa urefu wa sauti uliotakiwa. Nikajaribu kwanza kumnyosha kwa plagini ya kusahihisha urefu wa sauti. Wengi wamesikia jina la Auto-Tune, iliyotolewa mwaka 1997, ambayo mtengenezaji wake, Andy Hildebrand, kwanza alifanya kazi ya kuchunguza mawimbi ya ardhini kwa ajili ya watafutao mafuta. Yangu ilikuwa ya jamaa hiyo, iliyokuja pamoja na programu. Walakini haikunifaa, na sababu yake nalipaswa kuijua, mimi mwalimu wa fizikia. Sauti haijui mipaka ya maikrofoni. Sauti ya Mzee ilikuwa imeingia katika maikrofoni yake, kisha ikavuka na kuingia katika zile tatu nyingine. Nilipoinyosha katika treki ya nne, ile isiyonyoshwa iliendelea kusikika ndani ya treki za watoto, nazo mbili zikagombana. Wazee wawili, mmoja amenyooka na mmoja hakunyooka, wakiimba neno moja!

Ilikuwa saa saba ya usiku, nami nalichoka. Nikafunua mstari wa treki ya nne, nikaushika kwa kidole, nikaushusha wote mzima kwa desibeli 18, tangu mwanzo wa wimbo hata mwisho. Kila desibeli 6 zipunguzwapo, kimo cha wimbi hubaki nusu. Kwa hiyo Mzee na wavulana wake wawili nikawaachia sehemu moja katika nane. Nikajiambia kwamba ngoma ivumayo sana hupasuka, na kwamba nauokoa wimbo. Nikatoa faili, nikalala.

Wimbo ukapendwa. Siku ya mahafali ulipigwa kwa spika kubwa, wazazi wakapiga makofi, na kabla ya jua kuchwa ulikuwa umekwisha kuingia katika simu nyingi. Wakati wa kupigwa kwake Mzee alikuwa langoni akipokea magari ya wageni, hakuusikia vema. Kijana mmoja akamtilia katika simu yake, naye juma lililofuata akaenda likizo kwao, bondeni, upande wa Korogwe.

Aliporudi alinijia nyumbani siku ya Jumamosi jioni. Nikamwamkia, "Shikamoo, Mzee." Akaitika, "Marahaba, Mwalimu," akaketi, akaizungusha kofia yake mikononi kwa muda. Kisha akasema, "Mwalimu, nina swali tu, si lawama. Usiku ule tulipoimba, je, nilisimama mbali?"

Nikamwuliza sababu ya kuuliza hivyo. Akasema, "Mama ameusikiliza ule wimbo mara tatu. Akaniambia, watoto wanaimba vizuri sana, lakini wewe humo. Nikamwambia, nimo. Akasema, basi labda ulikuwa langoni. Wajukuu wakacheka. Nikafikiri huenda nalisimama mbali na kile chombo. Kama ni hivyo, kosa ni langu, ningalisogea."

Ndugu wasomaji, nalipata nafasi ya kusema kweli wakati ule ule, nami sikuitumia. Nilisema, "Nitatazama, Mzee." Akashukuru, akaenda langoni kwake, maana jua lilikuwa limekwisha kuchwa.

Usiku huo nikaifungua tena ile kazi. Nikavaa hedifoni, nikasikiliza kwa nia ya kumtafuta Mzee, na kweli nikamwona. Alikuwa mbali! Alisikika nyuma kabisa, kama mtu aimbaye ng'ambo ya bonde. Nikaelewa. Sikio la mwanadamu hupima umbali wa sauti kwa mambo haya: sauti ya mtu aliye karibu hufika kwa nguvu, wazi, kabla ya mwangwi wake; na sauti ya mtu aliye mbali hufika dhaifu, imechanganyika na mwangwi. Mimi nalikuwa nimeishusha maikrofoni iliyomsikia kwa karibu, nikaziacha tatu zilizomsikia kwa mbali, kisha nikazimwagia mwangwi wa sekunde 2. Mzee hakujua desibeli wala plagini. Walakini swali lake lilikuwa sahihi kuliko kazi yangu. Alisimama hatua moja tu mbele ya maikrofoni yake, nami nalimwondoa pale nikampeleka mbali, kisha nikamwacha ajilaumu.

Nikaona na jambo jingine. Nikauzima ule mstari, nikamrudisha Mzee kwa nguvu zake zote, nikasikiliza wimbo mzima pasipo kufanya kazi yoyote, jambo ambalo sikulifanya mara ya kwanza. Ziko pahali pa wimbo ambapo watoto wote huvuta pumzi kwa pamoja. Katika ule wimbo niliousambaza, pahali pale palikuwa na tundu. Nami nalipaziba kwa mwangwi, nikidhani ni udhaifu wa watoto. Kumbe halikuwa tundu. Mzee alikuwapo, ameishika sauti ile ile bila kuiachia, na watoto walipokwisha kuvuta pumzi walirudi juu yake, kama ndege warudio mtini. Ule uzito wake nilioudhani kuwa ila ndio waliousimamia. Na wale wavulana wawili ambao mimi nalisema huimba gizani, walikuwa wakiimba sawasawa, kwa kuwa walimshika yeye.

Hata hivyo haikuwa kweli kwamba Mzee hana ila. Palikuwa na pahali ambapo alivuma hata maneno ya watoto hayakusikika. Kumwacha vile vile kungekuwa uvivu wa namna nyingine. Basi nikauanza mstari wake upya, neno kwa neno. Programu hiyo ina namna mbalimbali za kushika mstari. Iko namna ya kuandika, ambayo hufuta yote yaliyokuwapo pale wimbo unapopita, hiyo nikaiacha. Iko namna ya kugusa, ambayo mstari hubadilika kwa muda ule tu ambao umeshika kitelezi, na ukikiachia, hurudi pale ulipokuwa. Hiyo ndiyo niliyoitumia. Nikauweka mstari kwanza katika kiasi cha katikati. Pahali pa maneno ya watoto nikamshusha Mzee desibeli 3, na mahali pamoja 4. Pahali pa kuvuta pumzi nikampandisha 2. Katika neno la mwisho, ambalo sauti zote hukaa pamoja, sikumgusa. Mwangwi nikaupunguza, hata kwaya ikasikika imo ndani ya chumba na watu wake wote. Zile sauti mbili ambazo hakuzifikia sawasawa nikaziacha. Nilipozisikiliza pamoja na wenzake wote, hazikuudhi sikio. Na kule kuchelewa kwake kuingia nikakuacha pia.

Kazi ile ilinichukua siku tatu, ilhali ile ya kwanza haikumaliza usiku mmoja. Katika siku hizo naliwaza sana juu ya tofauti ya vyombo vile viwili. Kompresa ni chombo kizuri, nami naendelea kukitumia. Lakini kompresa hakijui neno. Hubana kilio na kicheko kwa kipimo kimoja, mradi vimepita mpaka uliouweka. Ndivyo zilivyo plagini nyingi: umezipa amri moja, nazo huishika amri hiyo tangu mwanzo hata mwisho. Otomesheni ni kinyume chake. Yenyewe haina amri hata moja; hungoja mtu asikilize, kisha huandika alichosikia: hapa inua, hapa shusha, hapa acha. Mimi naliichukua otomesheni nikaitumia kama amri moja, nikachora mstari mmoja ulionyooka kutoka mwanzo hata mwisho. Mtu akichora mstari ulionyooka namna hiyo juu ya sauti ya mwenzake, ni dalili kwamba hakumsikiliza.

Nasi walimu twalijua jambo hili darasani, ijapokuwa twalisahau. Yuko mtoto anayepiga kelele, nasi twamwambia siku ya kwanza ya muhula, "Wewe nyamaza," na neno hilo hubaki juu yake mwaka mzima, hata siku ambayo yeye peke yake anajua jibu. Kumtuliza pale anapowazima wenzake ni haki. Lakini pale wenzake wanapokwama, yafaa ainuliwe. Kazi hiyo haina njia ya mkato. Yataka mwalimu awepo, asikilize, na mkono wake uwe tayari kupanda na kushuka.

Wimbo ulipokwisha, nikaona kwamba kazi ya kompyuta imekwisha lakini ya kinywa bado. Nikamwendea Mzee langoni, nikamwambia yote: kwamba hakusimama mbali, kwamba ni mimi niliyemshusha, na kwamba alipokuja kuniuliza nalijua lakini sikumwambia. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Naliharibu, Mwalimu?" Nikamwambia, "Pahali pengine ulizidi, Mzee. Lakini pengi ulitushika, nami sikusikia." Akatikisa kichwa, akasema, "Basi ungaliniambia nipunguze. Ningalipunguza." Sikuwa na jibu, wala sina leo. Nalikuwa na programu ya kuikata sauti yake kwa sehemu ndogo kabisa ya desibeli, nami sikutumia neno moja la kumwambia mtu aliyesimama mbele yangu.

Siku ya pili nikawakusanya wanakwaya waliokuwa bado shuleni, nikawaeleza vile vile, nikawapa wimbo mpya. Nawaomba mnielewe: ule wa kwanza sikuweza kuurudisha. Umo katika simu za wazazi, na wengine waliuhamishia kwa jamaa zao wa mbali. Maji yakimwagika hayazoleki. Ndani ya programu mstari hufutwa na kuchorwa upya, na ile sauti ya asili hubaki salama chini yake; hii ni neema kubwa ya vyombo hivi. Lakini faili likiisha kutoka, limetoka. Kwa hiyo mahali pa kuogopa si pale unapochora. Ni pale unapotoa.

Mzee akamaliza kazi yake mwezi wa Desemba kama ilivyopangwa. Tulimsindikiza hata kituo cha basi, nasi tukamwimbia. Baada ya siku chache akanipigia simu. Nikamwuliza habari za nyumbani, akasema njema. Nikamwuliza, "Na mama, ameusikia wimbo?" Akacheka sana kabla ya kujibu, nikamsikia na mkewe akicheka nyuma yake. Akasema, "Ameusikia, Mwalimu. Amesema nachelewa kuingia."

Basi, ndugu walimu, wengi wenu mmekwisha kuzipata kompyuta hizi au mtazipata, na kwaya zenu zitarekodiwa. Msiogope plagini wala otomesheni. Ni vyombo vyema, navyo vimewafikisha watoto wa milimani mahali ambapo zamani palifikwa na wenye mali tu. Shauri langu ni moja. Kabla hujagusa kitu, kaa chini usikilize wimbo wako tangu mwanzo hata mwisho mara moja, mikono ikiwa magotini. Kisha jiulize ni nani ambaye wengine wanapovuta pumzi, yeye hajaacha kuimba. Ukiisha kumjua huyo, fungua mstari wake, nawe uanze kazi.